Kubadilisha Mafuta ya Breki na Kutoa Hewa Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari wa Mombasa

Wengi walionifikia baada ya kujaribu kazi hii uani kwao hulalamikia jambo moja. Walitoa mafuta ya breki ya zamani, wakajaza mapya, na walipomaliza wakakuta pedali imekuwa laini kuliko ilivyokuwa kabla hawajaigusa. Gari lililoingia uani likitembea vizuri likatoka likivutwa kwa kamba hadi gereji.

Ninapowaomba wanieleze walivyofanya, karibu kila mara kosa huwa ni moja kati ya mawili: ama tangi la mafuta ya breki liliachwa likauka, ama pedali iliachiwa kabla ya kufungwa nipeli, ile skrubu ya kutolea mafuta na hewa kwenye gurudumu. Hewa haina njia nyingi za kuingia kwenye breki zilizo nzima. Ukizilinda hizo mbili, kazi iliyobaki ni ya subira na ya mikono safi.

## Kwa nini mafuta haya hubadilishwa

Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya maji kutoka hewani. Hayangoji mvua, unyevu hupenya polepole kupitia mipira ya breki na tundu la kupumulia lililo kwenye kifuniko cha tangi. Kwa hewa yetu ya Pwani, ambako hata chumvi mezani hugandamana koponi, hakuna sababu ya kuchelewa. Magari mengi hutakiwa kubadilishiwa kila baada ya miaka 2, na mimi sivuki hapo.

Madhara ya maji hayo huonekana breki zinapopata moto. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji ya takriban asilimia 3.7 kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama puto: unakanyaga, pedali inazama, gari haliitikii.

Mtu wa kisiwani anaweza kuniambia kwamba Mombasa ni tambarare na breki zake hazipati moto wowote kati ya Tudor na Kongowea. Ni kweli, mpaka siku ya arusi au matanga itakapompandisha Wundanyi, kisha ateremke zile kona hadi Mwatate akiwa na abiria watano na mizigo nyuma. Mafuta yaliyochoka hukaa kimya miaka mingi mjini, yakasubiri mteremko mmoja.

## Magari ambayo usiyaguse kwa njia hii

Magari ya haibridi, kama Prius na Aqua, breki zake huongozwa na kompyuta, na pampu yake inaweza kujiwasha ukifungua mlango tu au ukigusa pedali. Hayo yanahitaji skana na fundi anayeyajua. Usiyafanyie majaribio.

Gari la kawaida lenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki kwa nguvu, linaweza kubadilishiwa mafuta nyumbani, ilimradi taa ya ABS haiwaki kwenye dashibodi na tangi halikauki kazi ikiendelea. Hewa ikishaingia ndani ya kifaa cha ABS, huenda ukahitaji skana ili kuitoa.

Kama kuna mafuta yanayovuja kwenye gurudumu lolote, au pedali huzama yenyewe polepole ukiishikilia, una ugonjwa mwingine. Mafuta mapya hayatautibu.

## Vifaa vya kuandaa

Andaa vyote kabla ya kufungua boneti. Mtu anayekimbia dukani katikati ya kazi huacha tangi wazi na unyevu ukiingia.

- Mafuta mapya ya breki lita 1, ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha tangi la gari lako. Lita moja hutosha gari dogo na kubakisha kidogo.
- Spana ya ringi inayoingia sawasawa kwenye nipeli. Mara nyingi ni namba 8 au 10, na magari mengine hutumia namba tofauti mbele na nyuma.
- Mpira mwembamba wa plastiki inayoonyesha ndani, urefu wa nusu mita hivi, unaobana vizuri kwenye ncha ya nipeli.
- Chupa ya plastiki ya nusu lita yenye kifuniko ulichokitoboa tundu la kupitisha mpira huo.
- Bomba kubwa la sindano kutoka duka la dawa, la kunyonyea mafuta ya zamani kwenye tangi.
- Jeki, stendi mbili au nne, spana ya nati za magurudumu, na vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu.
- Dawa ya kulainisha kutu, brashi ya waya, na nyundo ndogo.
- Glavu, miwani ya kukinga macho, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, na ndoo ya maji yenye sabuni.
- Msaidizi anayesikia na kutii. Kati ya vifaa vyote, hiki ndicho kigumu kukipata.

Nina maneno mawili kuhusu mafuta yenyewe. Nunua chupa iliyofungwa kwa muhuri wake, wala usikubali kupimiwa kutoka kwenye kopo lililofunguliwa, kwa kuwa kopo hilo limekuwa likinyonya unyevu wa duka tangu siku lilipofunguliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ile nusu chupa iliyobaki kabatini tangu mwaka juzi haifai.

Pili, usichanganye DOT 5 na DOT 5.1 kwa kudhani ni ndugu. DOT 5.1 ni ya jamii moja na DOT 3 na DOT 4, lakini DOT 5 hutengenezwa kwa silikoni na haipatani nazo. Gari lililoandikwa DOT 3 linaweza kupewa DOT 4 bila madhara. Lililoandikwa DOT 4 usilishushe daraja.

Mafuta ya injini, ya gia au ya usukani wa pawa yasikaribie tangi hili hata tone. Huivimbisha mipira yote ya mfumo wa breki, na baada ya hapo utalazimika kubadilisha masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), mipira ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu) na kila kilicho na raba. Ukifungua tangi ukakuta raba ya ndani ya kifuniko imevimba na kulegea kama mkate uliolowa, kuna aliyekutangulia na kopo lisilo sahihi. Simama hapo hapo.

## Hatua ya 1: Chagua siku na mahali

Chagua siku kavu. Katika mvua za masika, hata chini ya baraza, kazi hii haifai, maana chupa na tangi hubaki wazi mara kwa mara.

Acha gari lipoe angalau saa moja tangu lilipotoka barabarani. Liegeshe mahali palipo sawa na pagumu, weka gia ya kwanza au P, kisha zuia magurudumu kwa mbao. Kama breki za nyuma ni za drami, yaani ngoma ya chuma ambayo viatu vya breki huisukuma kutoka ndani, breki ya mkono iachiwe wakati wa kutoa hewa, na ndiyo sababu zile mbao si pambo.

## Hatua ya 2: Jaribu nipeli zote kabla ya kumwaga tone lolote

Hatua hii haimo katika maelezo mengi, na kwa mtu wa Pwani ndiyo ya kwanza kwa uzito. Nipeli ni ile skrubu ndogo yenye tundu katikati, iliyo nyuma ya kalipa au nyuma ya bamba la drami, na kwa kawaida huwa imevaa kofia ya raba. Chumvi ya bahari huila. Gari lililokaa Nyali au Bamburi miaka mitano bila kofia hizo huwa na nipeli zilizoota kutu hadi kwenye uzi.

Niliwahi kuvunja moja mwenyewe, kwenye gurudumu la nyuma la gari la dada yangu, kwa haraka tu za Ijumaa kabla ya sala. Nilikuwa nimekwisha kunyonya tangi lote. Spana ilizunguka kwa ulaini wa ghafla, na kwa nusu sekunde nilifurahi kwamba imefunguka, mpaka nilipoona kichwa cha nipeli kimebaki ndani ya ringi na shina limebaki ndani ya kalipa. Gari lilikaa uani siku nne likisubiri kalipa nyingine, na dada alipanda matatu kwenda kazini bila kunisemesha.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiku wa kuamkia kazi, sugua kila nipeli kwa brashi ya waya na uinyunyizie dawa ya kutu. Asubuhi igongegonge kwa nyundo ndogo pande zote, kwa upole, ili kutu ipasuke. Vaa spana ya ringi, tena ikiwezekana yenye pembe sita, kwa sababu spana ya mdomo wazi huzila kona za nipeli na kuiacha mviringo. Kaza kidogo kwanza, kiasi cha unywele, kisha legeza. Ikisogea, ifunge tena na uende kwenye inayofuata.

Dalili ya mafanikio ni kwamba zote nne zimesogea na zimefungwa tena bila kuvuja. Hata moja ikikataa, acha kazi na umpelekee fundi mwenye moto wa kuipasha. Hujamwaga kitu, gari bado linatembea.

## Hatua ya 3: Inua gari kwa usalama

Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, kisha inua na uweke stendi kwenye sehemu ngumu za fremu zilizoonyeshwa katika kitabu cha gari. Ukiwa na stendi mbili tu, fanya nyuma kwanza na umalize, halafu mbele.

Nyua zetu nyingi ni za mchanga. Chini ya jeki na chini ya kila stendi weka ubao mpana na mnene, la sivyo mguu wa stendi utazama upande mmoja huku wewe uko chini. Na nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeliona kwa macho: usilipandishe gari juu ya mawe ya matumbawe ya kujengea. Yanaonekana imara kwa sababu nyumba zimesimama juu yake, lakini ukutani uzito umetandazwa. Chini ya ncha ya chuma jiwe hilo hupasuka ghafla, na halikupi onyo.

Likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa mkono kabla ya kuondoa tairi. Likicheza, rudia.

## Hatua ya 4: Badilisha mafuta ya tangini

Futa kifuniko cha tangi na shingo yake kabla ya kukifungua, kwa maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo itasafiri hadi kwenye mipira ya masta silinda. Tandika kitambaa kilicholowa maji kuzunguka tangi. Mafuta haya huyeyusha rangi ya gari, na tone likianguka juu ya bodi usilipanguse kwa kitambaa kikavu. Limwagie maji mengi papo hapo.

Nyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano. Yaliyochoka huwa na rangi ya chai ya mkandaa, wakati mapya hufanana na mafuta ya uto. Usinyonye hadi mwisho kabisa: acha kina kidogo kinachofunika matundu ya chini, yale yanayopeleka mafuta kwenye masta silinda. Kisha jaza mapya hadi alama ya MAX na ukiweke kifuniko juu bila kukikaza.

Faida ya kuanza hapa ni ya hesabu tu. Usiponyonya, mafuta machafu ya tangini yatalazimika kupitia mabomba yote manne, na utamaliza lita nzima bila kuona rangi safi.

Kutoka sasa hadi mwisho, pedali isikanyagwe bila wewe kuamuru.

## Hatua ya 5: Fuata mpangilio wa magurudumu

Kanuni ya kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Magari yetu yana usukani upande wa kulia, na masta silinda iko mbele ya dereva, kwa hiyo mpangilio huwa ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake maalumu, na kitabu cha gari kikisema tofauti, kifuate hicho.

## Hatua ya 6: Toa mafuta na hewa, gurudumu kwa gurudumu

Kwanza mpe pedali kizuizi. Weka kipande cha ubao chini yake ili isishuke hadi sakafuni. Katika masta silinda ya zamani, sehemu ya mwisho ambayo pistoni haifiki siku zote huwa na kutu na uchafu, na mipira ikipita hapo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi huchanika. Wengi walioambiwa kwamba masta silinda imekufa yenyewe baada ya kutoa hewa, waliiua kwa namna hii.

Sasa vaa glavu na miwani. Ingiza spana kwenye nipeli kabla ya mpira, kwa sababu ukitanguliza mpira spana haitapita. Ncha ya pili ya mpira iingie kwenye chupa na izame ndani ya mafuta mapya kidogo uliyoyatia chini, na mpira wenyewe upande juu kwanza kabla ya kuteremka chupani, ili mapovu yapande yaonekane.

Mimi hufanya kazi hii na mpwa wangu kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, kioo kikiwa chini ili tusikizane. Maneno yetu ni manne, na hakuna anayefanya lolote bila neno.

"Piga!" namwambia. Anakanyaga polepole mara tatu, akiachia polepole. Kukanyaga kwa pupa huikatakata hewa ikawa mapovu madogo yasiyotoka.

"Shika!" Anakanyaga na kubaki hapo.

"Nimeshika, mjomba."

Ndipo nafungua nipeli robo mzunguko. Mafuta yanaruka ndani ya mpira, na yeye anahisi pedali ikizama chini ya mguu wake. Ananyamaza na kuendelea kuibana, maana kazi yake ni kutoinua mguu. Mafuta yakipungua kasi nafunga nipeli. Nikishahakikisha imefungwa, na si kabla, ndipo nasema: "Achia."

Mlango wa hewa niliousema mwanzo uko katika nafasi hiyo ndogo kati ya kufunga na kusema "achia". Pedali inaporudi juu huvuta kama bomba la sindano. Nipeli ikiwa bado wazi, itavuta chochote kilichoko kwenye uzi wake na kwenye mpira, hewa ikiwemo, na mzunguko wote uliofanya utakuwa umerudi nyuma. Ukishuku kwamba msaidizi amewahi kuachia, usibishane naye; rudieni mara tatu zaidi.

Kila baada ya mizunguko mitano, inuka ukatazame tangi. Hapa ndipo mlango wa pili. Ongeza mafuta kabla hayajafika alama ya MIN, hata kama unaona bado yapo, kwa kuwa tangi nyingi zina ukuta ndani na upande mmoja huisha kabla ya mwingine. Likikauka, hewa itaingia juu kabisa, kwenye masta silinda au ABS, na utaanza safari upya kutoka gurudumu la kwanza.

Gurudumu la nyuma kushoto ndilo litakalokuchosha, kwa sababu bomba lake ni refu; kulitolea robo lita si ajabu. Mengine hutaka pungufu ya hapo. Endelea hadi mafuta yanayotoka yawe na rangi ile ile ya chupa mpya na yapite mizunguko mitatu mfululizo bila povu hata moja.

Ukimaliza gurudumu, kaza nipeli kwa kiasi. Nipeli ina tundu katikati, hivyo shina lake ni jembamba kuliko linavyoonekana. Shika spana karibu na kichwa, si mwisho wa mpini, na ukaze mpaka isimame, kisha kidogo tu. Ifute, irudishie kofia ya raba, na kama kofia imepotea nunua nyingine. Ni vitu vya bei ndogo na ndivyo vinavyoizuia chumvi.

## Kama huna msaidizi

Inawezekana kufanya peke yako: mpira uzamishwe chupani, nipeli ifunguliwe robo mzunguko, na ukanyage na kuachia polepole sana, ukitegemea kwamba pedali ikirudi itavuta mafuta ya chupani badala ya hewa. Mimi siipendi njia hii. Hewa hupenya kwenye uzi wa nipeli iliyolegea na kuonekana kama mapovu mpirani, na mtu huendelea kukanyaga kwa saa nzima akidhani hewa haiishi, kumbe anaitengeneza mwenyewe. Ukilazimika, paka grisi kidogo kuzunguka uzi wa nipeli, na funga nipeli kabla ya pedali kupanda katika mizunguko ya mwisho.

## Hatua ya 7: Pima kabla gari halijashuka

Jaza tangi hadi MAX, usipitilize, kisha ukaze kifuniko. Ondoa ule ubao chini ya pedali.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa. Pedali inapaswa kuwa ngumu na kusimama mahali pamoja kila mara. Ishikilie kwa nguvu kwa sekunde 30. Ikizama polepole, kuna kuvuja au masta silinda imechoka. Mwambie msaidizi aendelee kushikilia huku wewe ukitazama kila nipeli kwa tochi.

Kisha washa injini mguu ukiwa juu ya pedali. Itashuka kidogo. Wengi hushtuka hapa wakadhani hewa imerudi, lakini huo ni msaada wa busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu injini ikiwaka, unaoanza kufanya kazi, na kama pedali isiposhuka hata kidogo ndipo una sababu ya kuuliza.

Osha kila gurudumu kwa maji ya sabuni na ulikaushe, rudisha tairi, shusha gari, kaza nati kwa mpangilio wa msalaba.

## Hatua ya 8: Jaribu uani, kisha barabarani

Jaribio la kwanza lisiwe barabarani. Sogea mbele na nyuma uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukikanyaga kila baada ya hatua chache. Ndipo utoke kwenye barabara ya mtaani isiyo na shughuli, uongeze hadi kilomita 20 kwa saa, kisha 40, ukisimama taratibu na baadaye kwa nguvu. Gari lisimame kwa mstari ulionyooka. Usianze safari ya kwanza kwa kuelekea Likoni, maana foleni ya feri na ile njia ya kushukia majini si mahali pa kugundua kwamba pedali imezama.

## Pedali ikibaki laini

Pedali ikiwa laini kama sponji na ikipanda ukiipiga mara mbili tatu, bado kuna hewa. Rudia Hatua ya 6 kuanzia nyuma kushoto.

Ikiwa ngumu lakini inashuka sana kabla ya kushika, tazama drami za nyuma. Viatu vikiwa mbali na drami, pedali husafiri mbali hata kama hakuna hewa, na dawa yake ni kurekebisha viatu.

Na kama kalipa zimewahi kufunguliwa, kagua nipeli iko upande gani. Inatakiwa kuwa juu ya kalipa, kwa kuwa hewa hupanda juu. Nimekuta gari ambalo kalipa zake za mbele zilibadilishana pande siku ya kuwekwa pedi mpya, nipeli zikaangalia chini, na mwenyewe akamaliza lita mbili za mafuta bila kuiona hewa iliyokaa juu ikimsubiri. Tulizirudisha pande zake, tukapiga mizunguko minane, pedali ikasimama.

## Mafuta ya zamani na ukaguzi wa baadaye

Mafuta uliyoyatoa ni sumu, na yamo ndani ya chupa ya kunywea maji. Iandike kwa kalamu nene na uiweke mbali na watoto tangu dakika ya kwanza. Usiyamwage mtaroni, mitaro mingi ya kisiwa huishia baharini. Yapeleke gereji wanakokusanya mafuta machafu, yakiwa kwenye chupa yake peke yake, na uwaeleze kwamba ni ya breki ili wayatenge na yale ya injini.

Andika tarehe na daraja la mafuta kwenye utepe wa karatasi na uubandike chini ya boneti. Baada ya wiki moja, tazama tangi na uguse kila nipeli kwa karatasi kavu. Kina kikiwa pale pale na karatasi ikitoka kavu, funga boneti. Karatasi ikilowa, kaza nipeli hiyo kidogo tu na uikague tena kesho yake. Ikilowa mara ya pili, uzi wake umeliwa na inataka kubadilishwa.